Maji ya Sukari

Mwaka ule nilipomaliza mtihani wa taifa nilikuwa na umri wa miaka 19, na nilidhani kwamba hadi siku ya matokeo nisingekuwa na kazi nyingine isipokuwa kungoja. Kumbe yaya wangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Bukavu. Mama yetu hakuweza kuacha meza yake sokoni Uvira wala wadogo zetu wanne, basi akanipandisha gari na kifurushi cha nguo ndogo, akaniambia maneno machache tu: “Nenda ukawe mikono yangu.”

Yaya na mume wake walikuwa wakiishi Cimpunda, katika komuni ya Kadutu, juu ya mteremko ambapo nyumba zimebebana mgongoni kama watoto. Walikuwa na vyumba viwili na saloni. Ilikuwa kiangazi, mwezi wa saba. Maji ya bomba yalifika mara mbili kwa juma, tena usiku wa manane, na siku nyingine tulishuka na bidoni hadi chemchemi iliyo bondeni. Kushuka si kitu. Aliyepanda mlima ule na lita 20 kichwani anajua ninachosema.

Yaya alirudi nyumbani siku ya tatu, akitembea polepole kwa sababu ya mishono, na mtoto wa kike wa kilo 3 na gramu 100 kifuani pake. Siku hiyohiyo mama mkwe wake aliwasili kwa boti kutoka Idjwi, akiwa na mananasi, mfuko wa maharagi, kuku mmoja aliyekasirika, na kidumu cha kasiksi kwa ajili ya wanaume. Tangu saa ile wote tulimwita koko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kihavu. Nilimwogopa.

Kisha wageni wakaanza.

Walikuja wajomba na mashangazi wa shemeji, majirani wa juu na wa chini, wenzake wa kazini, akina mama wa shirika. Hakuna aliyekuja mikono mitupu: huyu sabuni, yule mafuta ya mtoto, mwingine unga wa masosoma, mwingine noti iliyokunjwa na kusukumwa katika kiganja kidogo cha mtoto. Walikuja kwa upendo wa kweli, nami nataka jambo hilo lieleweke kabla sijaendelea. Walimgeuza mtoto huku na huku, wakachunguza ncha za masikio ili wajue atakuwa mweusi au mweupe, wakabishana kama pua ni ya upande wa Uvira au wa Idjwi. Nilicheka nao. Nilipika chai, nikaazima viti kwa majirani, nikavirudisha, nikaviazima tena. Siku moja nilihesabu wageni 23 kabla ya saa kumi na mbili ya jioni.

Na yaya? Yaya alikuwa ameketi kitini saloni, amevaa kikwembe kipya, akiegemea ubavu mmoja kwa kuwa ubavu wa pili ulimuuma. Kila mgeni alimwuliza alivyojifungua, naye akasimulia tangu mwanzo, kwa heshima. Akina mama wa shirika walisali rozari nzima pamoja na nyimbo. Sisemi kwamba sala si njema. Nasema tu kwamba nilikuwa nikimtazama yaya, na niliona mikono yake ikitetemeka chini ya mtoto, nami nikaenda kuongeza sukari katika chai. Binti wa miaka 19 atasema nini mbele ya wakubwa? Hivyo ndivyo nilivyojijibu.

Shemeji hakuona kitu. Ni mtu mwema, lakini alikuwa akipongezwa kuanzia mlangoni hadi barabarani, na mtu anayepongezwa huona vibaya. Kila jioni alirudi na rafiki mwingine wa kumwonyesha binti yake.

Siku ya sita mtoto alilia sana. Ilikuwa mchana, saloni imejaa, na yaya alikuwa ameruhusiwa, kwa mara ya kwanza, kwenda kulala kidogo. Shangazi mmoja wa shemeji, aliyekuwa amempakata mtoto, alisema kwamba maziwa ya yaya bado ni mepesi, kwamba mtoto ana kiu, na kwamba watoto wote wa ukoo ule walikuzwa kwa maji ya sukari. Akanigeukia: “Wewe, binti, leta maji ya uvuguvugu, na kijiko.”

Nilijua. Mbele yangu, siku ya kutoka materniti, muuguzi alikuwa amemwambia yaya kwamba mtoto hapaswi kupewa kitu kingine isipokuwa ziwa la mama kwa muda wa miezi 6, hata maji, hata tone. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Na bado nilikwenda jikoni, nikachukua kikombe, nikatia maji ya termo na vijiko viwili vya sukari, nikakoroga, nikaleta. Mtoto alikunywa akanyamaza, akalala usingizi mrefu. Wote walimsifu shangazi, na mimi pia nikapata sifa yangu, kwamba ni binti msikivu.

Siku zilizofuata kikombe kilirudi, mara asubuhi, mara jioni, kila mara kwa mkono wa mtu mwingine. Mtoto alilala vizuri mno. Alipopewa ziwa alivuta mara tatu nne, akaachia. Maziwa ya yaya yalijaa yakawa magumu kama mawe, naye akaanza kutetemeka kwa homa yake mwenyewe, na wageni wakasema hayo ni mambo ya kawaida ya mzazi.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi yaya aliniamsha. Hakuwasha taa, alinishika mkono, akauweka juu ya tumbo la mtoto. Lilikuwa la moto. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Mdogo wangu, halii tena.” Mpaka leo nikisikia mtoto analia katika misa, na watu wakigeuka kumtazama mama yake kwa hasira, mimi nafurahi.

Tulishuka mteremko gizani, shemeji mbele na taa ya simu, yaya na koko na mimi nyuma. Katika kituo cha afya muuguzi wa zamu alimvua mtoto nguo zote na kumweka juu ya mizani: kilo 2 na gramu 700. Alipima joto, likapita 38. Kisha akauliza bila kupandisha sauti, “Nani anampa kitu kingine mbali na ziwa?”

Yaya alitikisa kichwa; hakuna aliyempa. Shemeji alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Ulimi wangu ulikuwa umekauka kabisa, na ninaungama mbele yenu kwamba sikunyamaza kwa sababu ya heshima.

“Ni mimi,” akasema koko. “Mimi ndiye mkubwa wa nyumba.”

Haikuwa kweli. Siku ile ya kikombe cha kwanza koko alikuwa nje kwenye mbabula, akipikia wageni sombe na bugali, na sidhani kama alikuwa ameona hata kimoja kati ya vikombe vilivyofuata.

Muuguzi hakumkaripia. Alimwomba aketi, akatuelezea sote, nami nitawaandikia maelezo yake kwa sababu kesho ninyi mtakuwa wazazi, au wajomba, au mashangazi. Tumbo la mtoto wa siku kumi, alisema, halizidi ukubwa wa yai la kuku. Ukilijaza maji, maziwa hayana pa kuingia. Mtoto analala, si kwa kushiba, bali kwa kudanganywa. Na ziwa lisilonyonywa hudhani kwamba halihitajiwi tena, hivyo hupunguza. Tena maji, na kijiko, na mikono ya watu wengi huleta vijidudu ambavyo mwili wa siku kumi haujajifunza kupigana navyo. Mtoto mchanga kupungua kidogo katika siku za kwanza si ajabu, lakini akifikisha majuma mawili inafaa awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Na mtoto mchanga mwenye homa, au anayekataa kunyonya, au anayehema mbiombio, au aliyelegea, hangojewi hadi asubuhi. Tulikuwa tumefanya vema, akasema, kutongoja asubuhi.

Walibaki kituoni siku tano, mtoto akidungwa sindano, yaya akifundishwa kukamua maziwa na kumpa kidogokidogo mpaka apate nguvu ya kuvuta mwenyewe. Nilikuwa nikipeleka chakula. Siku ya pili nilimkuta koko peke yake kwenye benchi la nje, nikamwuliza kwa nini alisema vile. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hakunisikia.

“Nilikuwa nikiwapikia wageni,” akasema. “Mahali pangu palikuwa karibu na mtoto, na mimi nilikuwa nikiwapikia wageni.” Kisha akanisimulia kwamba mtoto wake wa kwanza, kabla ya baba yake shemeji yangu hajafikiria hata kujenga nyumba ya mabati, alifariki katika juma la tatu. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Yeye alikuwa na umri kama wangu, na aliona aibu kusema mbele ya mama mkwe wake kwamba mtoto hanyonyi. Hakuniambia jina la mtoto yule. Nilikuwa bado sijui kwamba alijua habari ya kikombe.

Tuliporudi nyumbani, koko alipanga mambo bila kumwomba mtu ruhusa, hata mwanawe. Alitoa kiti kimoja akakiweka nje mlangoni, akaketi hapo. Kando yake beseni la maji na kipande cha sabuni. Viti vingine viliwekwa chini ya mti wa avoka. Mgeni aliyefika alikaribishwa kwa furaha zote, akanawa mikono, akaketi chini ya mti, akapewa habari za mtoto na koko mwenyewe, na mtoto akabaki chumbani na mama yake. Mwenye kikohozi alisalimiwa kwa mbali. Na aliyeuliza, “Je, tuwasaidie nini?”, kama watu waulizavyo wakitumaini kujibiwa “hakuna”, koko alimwonyesha bidoni.

Hapo nikumbuke kundi la vijana la parokia. Walikuja nane, wamevaa vizuri, na wimbo waliouandaa kwa magitaa mawili. Koko aliusikiliza wimbo wote, akawapigia makofi, kisha akampa kila mmoja bidoni yake. Walitazamana. Wakavua viatu vyao vizuri, wakashuka. Waliporudi tulikuwa na lita 160 za maji, maji tuliyofulia nepi kwa siku tatu, na siku hiyo hawakumwona mtoto hata ukucha. Mmoja wao alirudi juma lililofuata, peke yake, na bidoni ya kwao. Huyo sasa ni padri, lakini hilo ni simulizi lingine.

Si wote waliofurahi. Shangazi yule alipofika na kuambiwa anawe mikono, aliinuka palepale. Alisema hiyo ilikuwa nyumba ya watu waliosoma kupita wazee wao. Koko alimfuata hadi barabarani, na baadaye alikwenda kwake mara mbili na mananasi, lakini siku ya ubatizo kiti cha shangazi kilikuwa kitupu. Namhurumia. Kwa miaka mingi alikuwa amewapa watoto kile alichofundishwa, kwa moyo safi, na hakuna aliyemweleza kwa upole kabla ya kumwekea beseni.

Katika juma la nne, usiku mmoja tulipokuwa tukikunja nepi, nilimwambia yaya. Nilimwambia kikombe ni changu, vijiko viwili ni vyangu, na kwamba nilijua. Nililia kabla sijamaliza.

Yaya aliendelea kukunja. “Nilijua,” akasema. “Pazia la chumba ni jembamba. Nilikuona ukipita na kikombe.”

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema neno.

“Nilitaka kulala,” akajibu. “Nilitaka saa moja tu ya kulala, mdogo wangu. Nikajiambia, maji kidogo hayaui.” Akaniwekea nepi mikononi, na tukakunja mpaka zikaisha.

Katika juma la sita tulimpeleka mtoto kupata chanjo zake. Alikuwa na kilo 4 na gramu 200, na muuguzi yuleyule aliandika namba hiyo katika kijitabu kwa herufi kubwa kuliko zilizotakiwa. Siku mbili baadaye matokeo ya mtihani wa taifa yakatoka. Nilikuwa mjini. Rafiki zangu walinimwagia poda kichwani na usoni kama ilivyo desturi, tukaimba barabarani, nami nikapanda mteremko wote mbio, mweupe kama mzimu, nikitaka kumwinua yule mtoto juu hewani na kumwambia kwamba shangazi yake ana diploma.

Koko alikuwa kitini pake mlangoni. Alinikumbatia, poda na yote, akanishangilia kwa Kihavu, akacheza hatua tatu pale uani. Kisha, akiwa bado ananishika begani, akaniongoza hadi kwenye beseni.