Joho la Pikipiki

Kumwaga oili ya pikipiki ni kazi ya dakika ishirini. Kuifikia nati ya kumwagia oili hiyo, ikiwa pikipiki ni ya spoti, ni kazi ya usiku mzima. Kati ya kazi hizo mbili kuna plastiki, na habari za plastiki hiyo ndizo tunazotaka kuwasimulia wanachama wenzetu na walimu wetu, kwa sababu zimetufunza jambo ambalo halihusu pikipiki peke yake.

Sisi ni wanne. Pikipiki ni ya mmoja wetu, aliyeinunua mkononi mwa mtu majira ya machipuko kwa kuwa huku Texas usipokuwa na chombo chako umefungwa nyumbani, na gari lilimshinda bei. Spana ni za wa pili. Wa tatu ana shangazi mwenye gereji. Wa nne kazi yake ni kushika tochi na kuandika. Shangazi anakaa Mansfield, kusini mwa Arlington, mji ulioanzia kwenye mashine: katika karne ya 19 R. S. Man na Julian Feild walijenga hapo kinu cha kusagia nafaka kilichoendeshwa kwa mvuke, na majina yao mawili yakaungwa yakawa jina la mji. Tahajia ya Feild ilinyooshwa baadaye.

Shangazi hufanya kazi zamu ya usiku. Gari lake likitoka jioni, gereji ni yetu mpaka saa mbili asubuhi anaporudi. Mwezi wa Julai mpango huo una faida, maana mchana gereji ya Texas ni tanuri la mkate. Una faida ya pili pia: saa nne ya usiku Mansfield ni saa kumi na mbili asubuhi Moshi, na wakati huo mjomba wa mwenye pikipiki huwa ndiyo kwanza anafungua kijiwe chake cha ufundi. Tukampigia simu ya video, tukaisimamisha simu juu ya kopo la rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Hebu nionyesheni injini."

Tukaizungusha simu kulia, tukaizungusha kushoto. Akakaa kimya kidogo.

"Hiyo ni pikipiki au friji? Mvueni joho kwanza, ndipo mniite."

Kulivua joho kulituchukua saa tatu na nusu. Asiyewahi kufanya kazi hii anaweza kudhani ni suala la kufungua skrubu, na skrubu zipo, tulihesabu 22. Kwa urefu zilikuwa za namna nne, ingawa kwa nje vichwa vyake vinafanana vyote. Ukiichomeka ndefu mahali pa fupi, ncha yake inaweza kutoboa kitu kilichoko nyuma. Kwa hiyo tulichora pikipiki kwenye kadibodi, ubavu wa kulia na wa kushoto, na kila skrubu iliyotoka tukaichomeka kwenye mchoro, pale pale ilipotoka. Ushauri huo ulikuwa wa mjomba, na tunawapa nanyi bure.

Baada ya skrubu kuna klipu. Klipu ni kijiti cha plastiki chenye pini katikati. Nyingine hufunguka kwa kuisukuma pini ndani, nyingine kwa kuivuta nje, na zote mbili zimekaa kwenye pikipiki moja, zimejaa vumbi lile lile. Plastiki iliyopikwa na jua la Texas mwaka hadi mwaka hupoteza unyumbufu wake. Katika klipu tisa, nne zilikatika zilipoguswa tu.

Lakini hata klipu si adui. Adui ni ndimi. Skrubu zote zikishatoka na klipu zote zikishang'oka, kava bado haliondoki. Nyuma yake kuna ndimi nyembamba za plastiki zilizoingia kwenye matundu ya mpira au kwenye mifereji ya kava jirani, na hakuna hata moja inayoonekana kwa nje. Unavuta na halitoki, na hujui kama linakataa kwa sababu linataka nguvu zaidi au kwa sababu kuna skrubu ya 23 usiyoiona. Kuna ulimi unaotaka kuvutwa nje moja kwa moja, kuna unaotaka kusukumwa mbele kwanza, na kuna usiotoka mpaka kava lingine, ambalo ulikuwa hukukusudia kuligusa, lilegezwe. Ukikosea upande, mlio wake ni mmoja tu: tak. Na kava jipya la ubavu, tuliyeuliza bei zake, linakaribia kodi ya chumba ya mwenzetu.

Hapo ndipo Kiswahili kilipotusaidia kwa namna tusiyoitarajia. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na namba za sehemu na vishale, na kila mmoja wetu alikuwa akisema "hiki" na "kile" gizani. Mjomba aliporudi kwenye simu aliyapanga makava kwa viungo vya mwili: kava la uso, makava ya mbavu, kava la tumbo, kava la mkia. Tangu hapo kazi ikaenda. "Shikilia ubavu wa kushoto, nalegeza tumbo" ni sentensi ambayo haimwachi mtu akiuliza. Wanaotafuta istilahi mezani wakumbuke kwamba kijiweni zipo, na zimekwisha kufanyiwa majaribio.

Je, plastiki yote hii iko pale kwa nini? Si urembo mtupu. Upepo una hesabu yake: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda huzidi mara nane. Kwa anayetembea kilomita 40 kwa saa jambo hilo ni dogo, lakini kwenye uwanja wa mashindano ndilo linaloamua mshindi. Katika miaka ya 1950 pikipiki za mashindano huko Ulaya zilifunikwa mpaka gurudumu la mbele, zikafanana na mapipa yanayokimbia. Upepo wa ubavuni ulizifanya ziwe za hatari, na mwishoni mwa 1957 FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, likayapiga marufuku makava ya namna hiyo. Yaliyobaki yaliacha magurudumu wazi. Mwaka 1976 BMW ilitoa R100RS, pikipiki ya barabarani iliyotoka kiwandani na kava kamili, na mwaka 1985 Suzuki ikatoa GSX-R750, iliyoleta mtaani sura ya uwanja wa mashindano. Tangu hapo kijana anayekwenda dukani kununua maziwa anaweza kwenda akiwa amevaa joho la bingwa.

Kuna jambo la pili lililowezesha joho, nalo ni maji. Injini inayopozwa kwa hewa haiwezi kufunikwa ovyo, mapezi yake lazima yapigwe na upepo. Bodaboda nyingi za kwetu, kama Boxer ya Bajaj, ziko hivyo: injini inaning'inia wazi kama kengele, na fundi anaifikia akiwa amechuchumaa tu. Mteja anakaa juu ya tairi kuukuu, na kabla soda yake haijaisha oili imeshabadilishwa. Injini ya spoti hupozwa kwa maji yanayozunguka hadi kwenye rejeta iliyoko mbele, kwa hiyo injini yenyewe inaweza kufichwa. Basi ikafichwa.

Mpaka saa saba na nusu ya usiku tulikuwa tukiilalamikia plastiki kwa sababu ya muda na vidole vyetu. Kava la tumbo lilipotoka ndipo tulipoona sababu kubwa zaidi.

Ndani ya tumbo lile kulikuwa na ute wa kijani, uliokauka pembeni na mbichi katikati. Yalikuwa maji ya rejeta. Mpira mmoja wa maji ulikuwa umechanika kidogo penye klampu, ukawa unadondosha tone baada ya tone, na kava la tumbo likawa linayapokea kama beseni. Filta ya oili nayo ilikuwa imeota kutu mdomoni, na oili iliyotoka ilikuwa nyeusi kama lami. Waliotangulia kuimiliki walikuwa wameiosha, wameing'arisha, wamebandika hata stika mpya. Tumbo lake hawakulifungua.

Na sakafu ya gereji ilikuwa kavu. Tangu pikipiki inunuliwe hakuna tone hata moja lililoanguka chini. Katika mashindano makubwa sheria inataka kava la tumbo liweze kubeba angalau nusu ya oili na maji ya injini, ili injini ikipasuka visimwagike njiani na kuwaangusha wanaofuata nyuma. Huko ni busara tupu, kwa sababu timu yenye mafundi hulifungua tumbo hilo kila mara. Kwenye gereji ya mtu asiye na timu, beseni lile lile linakuwa mfichaji. Bodaboda ikivuja hudondosha doa pale ilipoegeshwa, na mwenyewe asubuhi analiona kabla hajanawa uso. Yetu ilikuwa inaumwa kimyakimya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hapa si tamathali: mpira ule ungeachia kwenye barabara kuu ya 287, katikati ya malori, maji yangekimbilia tairi la nyuma, na tairi lenye maji ya rejeta halishiki lami.

Tangu usiku ule tumeacha kusema kwamba makava yanapoteza muda. Kupoteza muda ndiyo dhara ndogo. Dhara kubwa ni kwamba kazi ya dakika ishirini ikigeuzwa kuwa ya saa tano, mtu mwenye masomo na kazi mbili ataiahirisha, naye atakuwa na haki ya kuchoka. Ataahirisha mwezi huu na ujao, na kila akitoka nje pikipiki inamwambia, kwa rangi yake inayong'aa, kwamba ni nzima. Kumpelekea fundi pia si njia nyepesi, kwa sababu huku fundi analipwa kwa saa, na saa za kuvua na kuvisha plastiki zinahesabiwa sawasawa na za kutengeneza. Anayebuni chombo hivyo anakuwa amekwisha kuamua ni nani atakayeweza kukitunza.

Tena wa kutukumbusha wamepungua. Tarehe 1 Januari 2025 jimbo la Texas liliondoa ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa vyombo visivyo vya kibiashara. Tusiusifu kupita kiasi ukaguzi ule: ulikuwa wa taa, honi, breki, tairi na mfano wa hayo, na hakuna aliyekuwa akivua kava ili aone mpira wa maji. Hata hivyo, mara moja kwa mwaka jicho la mtu mwingine lilipita. Sasa limebaki jicho la mwenyewe, na la mwenyewe limezibwa na plastiki.

Tulibadilisha oili na filta. Mpira wa maji tulikata sehemu iliyochanika, kwa kuwa urefu ulitosha, tukaukaza kwa klampu mpya, na mjomba akatuagiza tununue mpira mzima kabla mwezi haujaisha. Klipu zilizokatika hatukuzigundisha, tulinunua nyingine, maana ni za senti tu. Makava ya mbavu yalirudi mahali pake saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila skrubu ikitoka kwenye mchoro wa kadibodi, na hakuna iliyobaki mkononi.

Kava la tumbo hatukulirudisha. Hilo lilikuwa shauri la mjomba, na tumelifanya kanuni: baada ya kazi yoyote ya maji au oili, pikipiki itembee tumbo wazi wiki mbili, na usiku ilale juu ya kadibodi safi. Likidondoka tone, tutaliona. Sura yake imeharibika, hatubishi. Mbele ni bingwa, chini ni mtu aliyetoka kuoga akakosa taulo.

Shangazi aliporudi saa mbili asubuhi tulikuwa tunafagia. Tulimwamkia, akaitika, akaizunguka pikipiki mara moja.

"Mbona nyingine imebaki chini?"

Tukamweleza habari za mpira, za beseni, na za barabara ya 287. Alisikiliza akiwa bado na mkoba begani. Kisha akasema kwamba hospitalini mgonjwa akifika huvuliwa nguo kwanza, aibu itashughulikiwa baadaye, akaingia ndani kulala.

Kadibodi ya siku ya kumi na nne ilikuwa kavu. Ile ya siku ya tatu ilikuwa na doa moja, tukaikaza klampu tena.