Chawa Hana Jina Bila Mwenyeji

Siku hizi ukitaja chawa mjini, watu wanadhani unamsema mtu anayejipendekeza kwa mheshimiwa. Mimi namaanisha chawa mwenyewe, yule mdudu. Tena si wa nywele za watu. Wa ndege.

Kwetu Kaloleni, hawe huwapanga wadudu wa kuku bila kitabu. Kuna viroboto wanaong'ang'ania usoni, kuna utitiri wanaotoka usiku, na kuna chawa ambao hawabanduki mwilini, mchana wala usiku. Karo iliponishinda mwaka wa pili nikaacha chuo, nikarudi nyumbani na kompyuta yangu, nikaishi kwa kuwaandikia watu makala. Moja ilikuwa ya wadudu wa kuku. Niliimaliza, nikalipwa, lakini kusoma sikuacha. Nikaingia kwa chawa wa ndege waimbao, kama mnana hawa wanaoning'iniza viota kwenye minazi yetu.

Wengi wa chawa hao hawanyonyi damu. Wanatafuna manyoya na magamba ya ngozi. Maisha yao yote yanaishia juu ya ndege, na mayai wanayagandisha kwenye unyoya. Adui yao mkubwa ni mdomo wa ndege anapojichambua, kwa hiyo umbo la chawa linafuata pale anapojificha. Wa jenasi ya Philopterus hukaa kichwani, mahali ambapo mdomo haufiki, na ni wanene wenye kichwa kipana. Wengi wa Brueelia ni wembamba, wa kupenya katikati ya manyoya.

Kuwatofautisha ni kazi ya subira. Chawa analowekwa kwenye potashi hadi mwili uwe angavu, anabandikwa kwenye kioo, halafu chini ya hadubini unahesabu vinyweleo, unatazama vipapasio na viungo vya uzazi vya dume. Mwaka 2017 Daniel Gustafsson na Sarah Bush waliichambua upya jamii nzima ya Brueelia. Chawa wengi waliokuwa chini ya jina hilo wakapewa jenasi nyingine. Hata jina la zamani Mallophaga, ambalo chawa watafunaji wote waliitwa, limeachwa, manake ilionekana si ukoo mmoja.

Lakini hadubini peke yake haitoshi. Chawa wengi wana mwenyeji mmoja au wachache tu, kwa hiyo mtaalamu huuliza kwanza: huyu ametoka kwa ndege gani, wapi, lini? Majibu yako kwenye lebo ndogo ya karatasi pembeni mwa kioo. Lebo ikidanganya, chawa amepotea, hata kama mwili wake uko mzima.

Hapo ndipo nilipokutana na jina ambalo Mkenya hawezi kulipita hivi hivi: Richard Meinertzhagen. Ndiye yule askari wa King's African Rifles aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Kumbe baadaye, akisaidiana na Theresa Clay, alikusanya chawa wa ndege kwa maelfu na mkusanyo ukaenda makumbusho ya London. Alifariki mwaka 1967. Miaka ya 1990 watafiti wakagundua kwamba baadhi ya ndege wake waliokaushwa waliibwa kwenye makumbusho na kubandikwa lebo za uongo, za mahali ambapo hawakukamatwa. Sasa jiulize: ukishajua hivyo, utaisoma vipi lebo yake nyingine yoyote? Mtu alikuwa na cheo, fedha na milango yote wazi, na bado wengine wanarudia kazi yake nyuma yake.

Clay huyo huyo aliandika kitabu na Miriam Rothschild kuhusu vimelea vya ndege, kikatoka 1952. Rothschild hakuwa na shahada ya kusomea. Zake zote zilikuwa za heshima. Tusidanganyane lakini: alikuwa binti wa ukoo wa mabenki, hakukosa karo. Simtaji ili niseme chuo hakina maana. Ningekuwa na karo, leo ningekuwa nimemaliza.

Ninachosema ni hiki. Kupanga viumbe kunahitaji wataalamu wa hadubini, na pia kunahitaji mtu aliye karibu na ndege, anayemjua mnana na anayeandika ukweli. Jenasi itabadilishwa kesho, na hakuna atakayeona aibu. Ila "mnana, Kaloleni, tarehe fulani" ikiandikwa sawasawa, haitahitaji kubadilishwa na yeyote. Lebo haina nafasi ya shahada ya aliyeiandika.