Urahisi wa Njia ya Katavi

Sumbawanga,
Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila baridi ya Ufipa unaijua. Mama yako kaniambia umepata leseni na mwezi ujao unawapeleka watoto Hifadhi ya Katavi. Vema. Hadi Sitalike, mlangoni mwa hifadhi, ni kilomita zipatazo 200, na mwezi wa nane ndio wenyewe kwa kutazama wanyama. Wengine watakutisha. Mimi nasema njia za hifadhini wakati wa kiangazi ni rahisi, na urahisi huo ndio unaoponza madereva.

Changarawe kavu haishiki tairi. Punguza gia kabla hujaingia kona. Ukikanyaga breki ghafla, gari litaserereka. Mwisho wa mwendo hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, lakini wewe nenda 30, uwaone hao twiga uliowafuata. Penye udongo mweusi wa mbugani usiiache njia hata pakionekana pakavu, maana chini yake huenda ni tope. Jaza mafuta mjini, beba maji ya kutosha, na hakikisha tairi la akiba lina upepo.

Mbung'o watakusumbueni. Hulifuata gari linalotembea na hupenda nguo za bluu na nyeusi. Wavishe watoto kaki za mikono mirefu, na vioo vipandishwe.

Usikose kufika Ikuu, kwenye mto Katuma. Kiangazi viboko hubanana pale kwa mamia, mgongo kwa mgongo, wakikoroma na kugombania tope lililobaki, na mamba hujificha kwenye mapango ya kingo. Zima injini, wala mtu asishuke. Watoto watacheka. Waache wacheke, kisha waeleze kwamba si jua peke yake lililokausha mto: maji ya Katuma huchepushwa huko juu kwenda mashamba ya mpunga, na wali tunaupenda sote.

Mkikuta nyati wamesimama njiani, ngojeni. Usipige honi, usiwapenye. Mkingoja, wasimulie watoto: hifadhi ilitangazwa 1974, ikapanuliwa 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, lakini jina lake ni la zamani zaidi. Ni la Katabi, mwindaji ambaye wazee waliamini roho yake inakaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Watu waliweka sadaka chini ya mti ule kuomba baraka ya kuwinda. Ikiwa mwenye mkuki aliomba kwanza, wewe mwenye kamera huwezi kushindwa kungoja robo saa.

Jioni toka hifadhini mapema, mlale Sitalike. Usianze safari ya kurudi Sumbawanga usiku, hata watoto wakilia kutaka nyumbani. Na ukifika, mpigie mama yako kabla hujanipigia mimi. Yeye ndiye hatalala.

Wasalimie wote.

Ni mimi mjomba wako.