Kifaa Kikinyamaza

Januari 1997, ndama wa nyangumi wa kijivu alipatikana ufukweni karibu na Los Angeles, Marekani, akiwa hoi na hana mama. Wakamwita J.J., wakamlea San Diego kwa zaidi ya miezi 14, na tarehe 31 Machi 1998 wakamrudisha baharini akiwa na uzito wa zaidi ya tani 8. Alifungwa vifaa vya kurusha mawimbi ya redio. Siku chache tu vikachomoka. Alikokwenda hakujulikani mpaka leo.

Habari zake nilizisomea Nkuhungu, Dodoma, ambako maji ya chumvi tunayoyajua ni ya kisima. Uzamili wangu ni wa takwimu. Nyangumi sijawahi hata kumwona. Lakini sura nzima ya tasnifu yangu inahusu wanyama wa bahari waliotibiwa, wakaachiwa, wakafuatiliwa.

Sili ana nafuu kidogo: kifaa hubandikwa kwa gundi kwenye manyoya. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari, kwa hiyo kifaa husubiri mnyama aibuke kupumua ndipo kitume ishara kwenye setilaiti. Sili hubadilisha manyoya kila mwaka, na kifaa hudondoka nayo. Yaani hata akiwa mzima na ameshiba, mwisho wake kwetu ni ukimya.

Mwaka 1958 Kaplan na Meier walitupa namna ya kuuhesabu ukimya huo. Aliyepotea hewani haandikwi kuwa amekufa. Anahesabiwa hai hadi siku aliyosikika mwisho, kisha anatolewa kwenye hesabu. Ila kuna sharti: sababu ya kunyamaza isihusiane na hatari yenyewe. Gundi ikiachia, sawa. Betri ikiisha, sawa. Kama kifaa kimenyamaza kwa sababu mnyama amezama nacho, hesabu inadanganya, tena inadanganya kwa kutupa matumaini.

Mdogo wangu alitoka soba hausi mwezi wa tatu. Yuko Dar, anaendesha bodaboda. Mama humpigia kila siku saa mbili usiku. Akipokea, anamuuliza amekula nini. Lile lingine haulizi. Asipopokea, ananigeukia mimi.

"Itakuwa chaji imeisha, eti?"

"Itakuwa hivyo, mama."

Kwa mdogo wangu sharti lile halitimii. Kila aliporudia unga, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa simu.

Wiki iliyopita hakupatikana siku nne. Ya tano, asubuhi, ikaingia meseji kwa namba ngeni: "Dada shikamoo, simu imeibiwa, hii ni ya jamaa wa kijiweni. Msalimie mama." Mama alitaka nimsomee mara mbili. Kisha akanipa simu yake niihifadhi namba ile kwa jina la mdogo wangu, mbele niandike "mpya".

"Mpya" nyingine mbili zilikuwemo tayari. Nikaandika "mpya 3".