JE, KUKATA BIMA YA SAFARI NI UPUNGUFU WA TAWAKKUL?



Ndugu zangu katika imani, likizo za shule zinakaribia na maswali yameanza kumiminika. Wengi wenu mnaoishi Uingereza mnauliza jambo moja: "Sheikh, tunataka kuwapeleka watoto na wazee matembezi ya meli, wiki moja, kutoka Southampton mpaka Hispania na kurudi. Tunaambiwa tukate bima. Inafaa? Na mwenye kumtegemea Allah ana haja gani na bima?"

Suala la meli yenyewe, na pombe na kamari zilizomo ndani yake, tumeshalizungumza. Leo tubaki kwenye bima.

KWANZA: TAWAKKUL SI KUACHA SABABU

Sote tumesoma madrasa kisa cha yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee. Kimepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.).

Lakini kipo kisa kingine tunachokisahau. Katika Sahihi ya Bukhari, Ibn Abbas (R.A.) anaeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hijja bila masurufu na kujiita wenye kutegemea. Wakifika Makka wanawaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, ambamo mahujaji wanaamrishwa wachukue masurufu.

Zingatia, ndugu yangu. Wale watu waliacha masurufu yao wakategemea mifuko ya wenzao, na jambo hilo wakaliita tawakkul.

Sasa tujitazame. Mtu analipa maelfu ya pauni kwa ajili ya meli, anaacha bima kwa jina la tawakkul. Akipatwa na kiharusi katikati ya bahari, siku ya pili yake ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Ndugu yetu amelazwa ugenini, tuchange." Na anayechanga ni nani? Ni dada anayefanya usafi usiku, ambaye hajawahi kupanda meli ya matembezi maishani mwake. Kuchangiana ni ibada, na mwenye shida lazima asaidiwe. Lakini kumwekea mwenzako deni la starehe yako, hali uwezo wa kujikinga ulikuwa nao, hilo utalijibuje mbele ya Allah?

Na gharama za meli si za mchezo. Daktari wa melini hutoza pesa. Kadi ya GHIC, inayosaidia katika hospitali za umma za nchi nyingi za Ulaya, haitumiki kwenye safari za meli hizi. Mgonjwa akizidiwa huteremshwa bandari iliyo karibu, na wakati mwingine huchukuliwa na helikopta. Kisha kuna hoteli ya anayemuuguza, na kumrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na muuguzi pembeni yake.

PILI: HUKUMU YA BIMA YENYEWE

Suala hili liliingia katika fiqhi kwa njia ya baharini. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuiandikia. Wafanyabiashara wa zama zake walikuwa wakiwalipa Wazungu ili wawadhamini mizigo iliyomo kwenye meli, na malipo hayo yakiitwa "sukara". Yeye hakuona kuwa ni halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia ile.

Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, likapitisha kwamba bima ya kibiashara ina gharar kubwa, yaani utata mkubwa katika kinachouzwa, na kwa hiyo haifai. Mbadala wake ni bima ya kusaidiana, ambayo leo tunaiita takaful: watu wanachangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, na aliyefikwa na janga analipwa kutoka humo. Wapo pia waliotofautiana nao. Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria aliona bima inafaa kwa asili yake, ikisalimika na riba. Na Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limezingatia hali za Waislamu wa huku, ambapo sheria au haja inambana mtu na takaful haipatikani.

Msimamo ninaoufuata ni huu: tafuta takaful kwanza. Kenya ipo, na Zanzibar Shirika la Bima lina huduma hiyo. Usipoipata unapoishi, na haja ipo kweli, chukua kwa kadiri ya haja. Ama pale sheria inapolazimisha, dhima si yako. Anayeomba viza ya Schengen hudaiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Na tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya dola 44.

Familia yangu tulipopanga safari kama hiyo, nilitafuta takaful ya safari na sikuipata ya kutufaa. Nikachukua bima ya kawaida ya ngazi ya chini: matibabu, kurudishwa nyumbani, na gharama za maiti. Nyongeza za simu, saa na vito niliziacha. Haja hukadiriwa kwa kiasi chake.

TATU: USISEME UONGO KWENYE FOMU

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mama yangu ana kisukari na presha. Nilipojaza maradhi yake, bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Mama akaniambia, "Mwanangu, hayo ya nini kuyaandika? Mimi si mgonjwa, dawa nakunywa." Nami nilielewa kilichomuuma. Pesa zilikuwa jambo dogo kwake. Aliona mtoto wake anamhesabia maradhi mbele ya watu asiowajua.

Nikamwambia, "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba muuzaji akificha kasoro ya bidhaa yake amedanganya. Leo anayeuliza kasoro ni mwenzetu wa mkataba." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi andika na goti."

Tukaandika na goti.

Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) alimkemea mwenye chakula aliyeficha unyevu chini ya rundo. Kuficha ugonjwa kwenye fomu ni jambo hilo hilo, hata kama kampuni si ya Waislamu. Na hata kidunia ni hasara: ikigundulika ulificha, fidia inaweza kukataliwa, na malipo yako yakawa yamekwenda bure.

NNE: YA KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

- Hakikisha hati inataja safari ya meli kwa jina. Bima nyingi za kawaida haziigusi mpaka uongeze.
- Ikate siku ile ile unayolipia safari. Mzee akiugua kabla ya kuondoka, itakufaa tangu hapo.
- Soma kiasi utakachobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa.
- Uliza kama inafidia ukichelewa bandarini na meli ikakuacha.
- Uliza habari za maiti. Nyingi hugharamia ama kuzika huko huko au kusafirisha mwili, na sisi sunna yetu ni kuharakisha maziko. Waambie watu wako mapema unataka lipi, na uandike wasia wako kabla ya kupanda.

Hili la mwisho tunaliogopa, lakini mauti hayaji kwa kutajwa wala hayaondoki kwa kunyamaziwa. Bima haizuii qadar ya Allah hata kwa nukta moja. Inachofanya ni kuwapunguzia mzigo wale watakaobaki na majonzi.

Mwenye mtazamo wa wanachuoni waliokataza kabisa, tumheshimu. Naye asiwahukumu wenzake waliofuata rai nyingine.

Ewe Allah, wahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, waponye wazee wetu, utujaalie ukweli katika mikataba yetu, na uturudishe majumbani mwetu kwa salama. Amin.

Wallahu a'alam. Mfikishie na mwenzako anayejiandaa kusafiri.