Kula na Kura: Bajeti ya Mwaka wa Uchaguzi Ilivyopokewa Bombolulu

Waswahili husema kuwa wali wa kushiba huonekana siniani. Hata hivyo, kila ifikapo miaka mitano wananchi wa Kenya huletewa sinia lililofunikwa kawa, nao hutakiwa washukuru kabla halijafunuliwa. Sinia hilo ni bajeti ya mwaka wa uchaguzi. Je, mwananchi wa kawaida huipokeaje bajeti ya namna hiyo? Na lugha ina nafasi gani katika mapokezi hayo?

Mnamo tarehe 30 Machi 2017, Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alisoma bungeni makadirio ya takriban shilingi trilioni 2.6. Kwa desturi bajeti husomwa mwezi wa Juni, lakini mwaka huo ilitangulizwa kwa sababu uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 8 Agosti. Nchi ilikuwa imekumbwa na ukame, na bei ya unga ilikuwa imepanda. Miongoni mwa yaliyotangazwa ni kwamba mkate wa kawaida na unga wa mahindi vingetozwa kodi ya thamani kwa kiwango cha sufuri. Aidha, waziri alipendekeza kodi ya asilimia 50 kwa michezo ya kamari.

Bombolulu, iliyo bara ya kaskazini ya Mombasa kando ya barabara iendayo Malindi, ni mahali pazuri pa kupimia matangazo ya aina hiyo. Hapa pana karakana ya watu wenye ulemavu iliyoanzishwa mwaka 1969, ambamo mafundi hutengeneza mapambo na bidhaa za ngozi. Pana waendeshaji wa tuktuk na bodaboda, wachuuzi wa mitumba, na akina mama wanaoamka alfajiri kukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi. Wengi wao huishi kwa kipato cha kutwa. Kwa watu hawa bajeti ya taifa hupimwa kwa pakiti ya unga ya kilo mbili.

Kwenye vikao vya kahawa ya mwaka ule wa uchaguzi, mapokezi yaligawika. Wapo waliosema, "Angalau safari hii wametukumbuka." Wapo wazee waliowajibu, "Mwanangu, mvuvi haweki chambo kwa kumhurumia samaki." Muuza mahamri hakuona cha kushangilia: tangazo lilihusu mkate na unga wa mahindi, ilhali yeye hukanda ngano. Vijana nao walizungumzia kamari kuliko mkate. Baadhi yao waliona wanaporwa tumaini la mwisho; mama zao waliona heri kodi ingekuwa kubwa zaidi. Hatimaye, baada ya mvutano kati ya Bunge na Rais, kiwango kilichopitishwa kilikuwa asilimia 35.

Linalostahili kuwashughulisha wasomi wa Kiswahili ni jinsi tangazo la mkate na unga lilivyoeleweka. Hotuba ilisomwa kwa Kiingereza. Ilipofika mitaani ilikuwa imefupika kuwa maneno machache tu: kodi ya mkate na unga imefutwa. Ikumbukwe kuwa hata kabla ya siku ile mnunuzi hakuwa akitozwa kodi hiyo, kwani bidhaa hizo zilikuwa zimesamehewa. Bidhaa ikisamehewa kodi, msagaji hawezi kudai kodi aliyolipia gharama zake. Ikitozwa kwa kiwango cha sufuri, anaweza kuidai na kurudishiwa. Kwa hiyo nafuu humfikia msagaji kwanza. Kumfikia mlaji ni hiari ya msagaji. Haya si mambo mazito yasiyoelezeka kwa Kiswahili. Yameelezwa hapa kwa sentensi chache, nayo yangebadilisha swali la kikao kizima: badala ya kuuliza kama serikali imefuta kodi, watu wangeuliza ni nani atakayehakikisha kuwa bei inashuka.

Bei haikushuka kwa tangazo hilo. Iliposhuka, mwezi wa Mei, ilikuwa kwa ruzuku: pakiti ya kilo mbili iliuzwa shilingi 90. Katika maduka mengi foleni zilikuwa ndefu, na mteja aliruhusiwa pakiti mbili tu. Uchaguzi wa Agosti ulibatilishwa na Mahakama ya Juu, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Ruzuku nayo haikudumu. Mnamo Septemba 2018 wananchi walianza kulipa kodi ya thamani kwa mafuta ya petroli, kwa kiwango kilichopunguzwa hadi asilimia 8 baada ya malalamiko. Mwaka 2022 hadithi ilikuwa ile ile: bajeti ilisomwa mapema, tarehe 7 Aprili, na mwezi wa Julai, wiki chache kabla ya kura, unga ukatangazwa kuwa shilingi 100. Ruzuku hiyo pia ilikwisha baada ya uchaguzi.

Lingekuwa kosa kuhitimisha kuwa watu wa Bombolulu ni wajinga wanaonunuliwa kwa unga. Mwenye watoto wenye njaa hawezi kuikataa pakiti ya shilingi 90 kwa sababu tu anajua nia ya aliyeileta. Kula ni haki yake, na kura ni yake pia. Anaweza kuipokea moja bila kuiuza nyingine. Anachonyimwa ni maelezo ya kumwezesha kuuliza swali lililo sahihi.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 120 inaitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Ibara ya 201 inadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Ushirikishwaji gani huo, ikiwa anayeshirikishwa hasemeshwi kwa lugha yake? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi hapa. Hotuba ya bajeti inaweza kufasiriwa, istilahi zake zikafafanuliwa, na ufafanuzi huo ukapelekwa redioni na barazani kabla ya wanasiasa kufika na tafsiri zao. Istilahi inayobaki darasani haimsaidii mkaanga mahamri. Sinia litaletwa tena mwaka mwingine wa uchaguzi. Ni vyema atakayeandaliwa awe na lugha ya kumwambia mwandaaji afunue kawa.