Maharage Yaliyopita Langoni

Mtu akistaafu ndipo anapojua bei ya vitu. Kwa miaka mingi chakula changu kilikuwa jambo la stoo na la mpishi: nilitia sahihi kwenye leja, nikapita jikoni kuonja, nikarudi ofisini. Siku hizi pensheni ndiyo inayonipeleka sokoni na kikapu mkononi, na huko nimekuta mambo ambayo kwa hakika yangestahili kuwemo katika muhtasari wa somo la hesabu. Ningependa kuyaeleza kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu mkulima mdogo tunamtaja sana katika hotuba, ilhali mahali tunapokutana naye kweli kweli ni pale tunapochagua kitu cha kutia chunguni.

Mimi naishi katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto. Mashamba ya huku si makubwa. Familia huwa na ekari moja, au mbili ikiwa imebahatika, nazo zimetawanyika: kipande cha mahindi na maharage mlimani, migomba na kahawa kidogo kuzunguka nyumba, na chini bondeni, penye mfereji wa maji, bustani ya kabichi, karoti, hoho na nyanya. Kipande cha bondeni ndicho kinacholipa ada za shule. Mlimani hutegemea mvua. Bondeni huvunwa mara mbili, hata tatu kwa mwaka, mradi maji yasikauke.

Sasa tazama jinsi mazao hayo yanavyoondoka. Lori huja jioni likapakie usiku ili lifike Dar es Salaam alfajiri. Mnunuzi ndiye mwenye kutaja bei, na mwenye nyanya hawezi kumwambia arudi kesho, kwa sababu kesho nyanya zitakuwa zimelainika. Halafu kuna lumbesa. Kwa asiyeijua, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha kamba au kipande cha gunia jingine juu yake, likahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na kila baada ya muda utasikia tangazo la kuipiga marufuku. Lakini kando ya barabara, saa mbili usiku, sheria haina tochi. Fanya hesabu ya darasa la tano. Gunia la kilo 100 likifungwa kilo 130, mkulima aliyeuza magunia kumi ametoa kilo 300 bure. Katika kila magunia kumi na matatu ya haki, matatu hayakulipwa. Jembe lililolima yale matatu ni lile lile, na mgongo ni ule ule.

Sisi tuliosomea ualimu baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967 hatukuwa wageni wa jembe. Vyuo vilikuwa na mashamba, na mwaka 1974, njaa ilipobisha hodi na nchi ikaitikia Kilimo cha Kufa na Kupona, nilikuwa mwalimu kijana. Tulilima hadi kandokando ya uwanja wa mpira. Tulikula pia ule unga wa njano uliotoka ng'ambo, ambao watu waliubatiza jina la Yanga, na watoto waliununia kama dawa. Basi tulifundishwa sana kuzalisha. Kununua hatukufundishwa. Hakuna somo lililouliza: shilingi ya mshahara wako ikishatoka mfukoni, inalala kwa nani?

Swali hilo lilinijia katika miaka ya tisini, nilipokuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Tulikuwa na wanachuo wapatao 400. Mpe kila mmoja gramu 150 za maharage makavu kwa siku, utahitaji kilo 60. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 1,800, yaani magunia 18 ya haki, yasiyo na kilemba. Maharage hayo yaliletwa na mzabuni kutoka mjini, na yeye aliyapata kwa wachuuzi, na wachuuzi waliyapata wapi? Waliyapata katika vijiji vilivyozunguka chuo. Nilikuwa nikiwaona akina mama asubuhi wakipita langoni petu na madebe kichwani kuelekea barabarani. Baada ya wiki mbili tatu maharage yale yale yalirudi kwa lori, yakiwa yamepanda bei njiani na yamepata mawe ambayo hayakuwa nayo yalipoondoka. Mpishi wetu, mzee mwenye ulimi mkali, alisema yamekwenda mjini kutafuta mchumba.

Kulikuwa na sababu. Taratibu zilitaka mwenye leseni, mwenye stakabadhi, na mwenye uwezo wa kusubiri malipo. Mama wa kijijini hana vyote vitatu. Lakini mwaka mmoja fedha za chakula zilichelewa mno, mzabuni akachoka kukopesha, akaacha kuleta. Nisingemlaumu sana, naye alikuwa na watu wanaomdai. Stoo ilibaki na unga wa siku tisa na maharage ya siku tatu. Kufunga chuo maana yake ilikuwa kuwarudisha nyumbani vijana wa mwaka wa mwisho miezi miwili kabla ya mtihani.

Nilimtuma mtunza stoo kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha nikaenda mwenyewe. Tulikaa chini ya mwembe na akina mama kama thelathini hivi, na nikawaambia ukweli: fedha sina, tarehe sina. Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja, mtu mzima, akauliza, "Mwalimu, mtapima kwa nini?" Nikamjibu kwamba tutapima kwa mizani ya stoo, mbele ya mwenye mali, naye ataandikiwa kilo zake. Akageuka kwa wenzake akasema kwa Kisambaa maneno ambayo sitayatafsiri yote, ila maana yake ilikuwa kwamba mkopo wenye mizani ni bora kuliko taslimu yenye lumbesa.

Walitukopesha maharage, mahindi na mboga kwa wiki saba. Fedha zilipofika tuliwalipa kwa daftari, mmoja mmoja, wakitia dole gumba, na hapakutokea ugomvi hata mmoja. Baadaye kikundi chao kilifungua akaunti benki, kikapata mhuri na kitabu cha stakabadhi, kikaomba zabuni kama wengine, na maharage yakaacha kusafiri. Chuo kililipa kidogo chini ya bei ya mjini, nao wakapata zaidi ya bei ya barabarani. Tofauti hiyo haikuwa sadaka ya mtu yeyote. Ilikuwa ni nauli na faida za watu wanne waliokuwa katikati. Tena wanachuo waliacha kulalamikia mawe.

Wapo watakaosema kwamba nahubiri turudi kula kama babu zetu. La hasha. Babu zetu wa mbali kabisa hawakuyajua mahindi, wala muhogo, wala haya maharage ninayoyasifia. Vyote vilitoka Marekani ya kale, vikavuka bahari. Kabichi, plamu na peasi zinazoipa Lushoto sifa zilianza kupandwa huku na Wajerumani, zamani mji wetu ukiitwa Wilhelmstal. Chakula hakina kabila. Ninachouliza ni nani amekilima, na kati yake na mimi kuna mikono mingapi. Ndiyo maana hunisikitisha kuona matofaa ya Afrika Kusini, yaliyong'arishwa kama viatu vya gwaride, yakinunuliwa kwa ajili ya wageni, huku peasi za jirani zikioza chini ya mti kwa sababu eti zina madoa. Mwenye mji akila mchele, aulize kama ni wa Kyela, wa Mbarali au wa ng'ambo; akinunua mafuta, ajue kwamba alizeti inalimwa Singida na Dodoma. Swali lenyewe ni la sekunde mbili.

Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano na ya mafuta ya kula ilipanda duniani, na sisi ambao ngano yetu nyingi hutoka nje tuliona mkate ukisinyaa mkononi. Hapa nyumbani tulirudi kwenye magimbi, viazi vitamu na uji wa ulezi asubuhi. Mama watoto alisema hatimaye nimepata kifungua kinywa cha umri wangu. Lakini nisikudanganye: mbolea nayo ilipanda mwaka huo huo, na mkulima wa bondeni aliumia, mpaka serikali ilipotoa ruzuku katika msimu wa 2022/23. Hakuna shamba lililo kisiwa. Wala si kila cha jirani ni kizuri. Wako wanaonyunyizia kabichi dawa leo na kuivuna keshokutwa. Huyo simnunulii, na humwambia sababu. Faida moja ya kumjua aliyelima ni kwamba unaweza kumgombeza.

Siku hizi tuko nyumba sita za wastaafu, pamoja na jiko la shule ya msingi, tunaonunua kwa mama mmoja jirani yangu: kwa kilo, kwa mizani, na kwa fedha taslimu siku ile ile. Mwezi uliopita mwanawe, mwendesha bodaboda, alinijia na karatasi. "Shikamoo Mwalimu. Naomba unisomee mkataba huu." Nikamwitikia, nikavaa miwani. Ulikuwa mkataba wa kuuza kile kipande cha bondeni. Mtu anataka kujenga nyumba ya wageni. Fedha zilizoandikwa zilikuwa nyingi kwa kijana ambaye hajawahi kuzishika.

Sikumwambia asiuze. Shamba ni lao, na mimi sina haki ya kuwapangia watu umaskini kwa ajili ya mboga zangu. Nilitoa daftari, tukahesabu pamoja: kilo ambazo nyumba sita na shule zimenunua tangu Januari, kwa bei tuliyolipa, kisha kilo hizo hizo kwa bei ya lori, pamoja na kilemba. Tukaweka mbegu, mbolea, na vibarua wawili wa palizi. Tukagawa fedha za mkataba kwa kile ambacho bonde huleta kwa mwaka. Ilitoka miaka kumi na moja na miezi kadhaa kwa bei yetu. Kwa bei ya lori ilizidi miaka ishirini. Aliitazama ile tarakimu ya pili kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama shule ya sekondari nayo ina jiko.

Nilimwambia inalo, na kwamba mkuu wake alikuwa mwanachuo wangu. Mkataba bado uko kwenye droo yangu bila sahihi. Mama yake amesema usisogezwe mpaka maharage yavunwe, na sasa ndiyo kwanza yametoa maua.